Mrija wa Alaso

"Vua hilo koti!" Alaso alinong'ona, vidole vyake vikipima mshipa wa Ongodia aliyelala. "Mwenyewe bado anapumua."

"Anapumua kwa makosa yako," akasema Etyang, kaka wa mgonjwa. "Tumeshalia, fahali wa matanga tumeshamla. Sasa nimtapike?"

"Tapika, mzee. Hilo tumbo litapungua."

Alaso huyu wa Adungosi alianza kwa kufua mashuka ya hospitali ya misheni. Alifua mpaka mto ukaomba likizo. Masista walipoona mikono yake inaweza kukamua jiwe, wakamfundisha kukandamiza kifua na kupuliza pumzi. Mwaka ule wa magendo ya kahawa, Ongodia, mpagazi wa Malaba, akaletwa ameanguka chini ya gunia. Moyo kimya. Ndugu zake wakamgusa, wakakimbilia nyumbani kupiga mayowe. Alaso akabaki anakandamiza. Alikandamiza mpaka miguu ya kitanda ikazama sakafuni, na majogoo wa Tororo huko ng'ambo ya mpaka wakasahau kuwika. Ndipo moyo ukagonga: tu, tu, kama mgeni asiyejua mlango.

Shukrani yake? Kwenye chungu cha pombe, ambacho wote hukizunguka na kunyonya kwa mirija, wanawake wenzake walimnyang'anya wake. Mdomo uliopuliza maiti, walisema, hauwezi kunyonya pamoja na yetu. Tangu siku hiyo anakunywa peke yake, kwa kikombe, kama mzungu.

Naye daktari alikuwa ameonya: mgonjwa asishtuliwe hata kidogo, moyo wake unaning'inia kwa uzi. Basi kila Ongodia alipoamka na kumuulizia mkewe, Alaso alimwambia Amongin yuko shambani anapalilia wimbi.

"Utamdanganya mpaka lini?" Etyang akacheka. "Kaburi tulishalichimba, na haliachwi wazi. Tumezika shina la mgomba kwa jina lake. Kwa wazee, huyu unayempangusa jasho ni mgomba."

"Na Amongin?"

"Amenyolewa, kama mjane yeyote. Nimemrithi, yeye na koti."

"Basi asikanyage hapa mpaka nywele ziote! Huyu akikiona kile kichwa atajua amezikwa, na huo moyo sitaurudisha tena."

"Ndiyo maana nimemwita," alisema Etyang, akifunga kifungo cha juu cha koti. "Nimemwambia mumewe anamtaka, aje mbio na uji."

Mlango ukalia. Amongin akaingia akihema, anacheka kwa furaha, kibuyu mkononi, kichwa kinang'aa kama sufuria mpya.

Ongodia akafumbua macho.

Chini ya vidole vya Alaso moyo ukagonga mara moja, kwa nguvu. Akangoja mpigo wa pili.