Habari Nilizompelekea Mzee Barisa

Jambo hili nimelificha miaka, lakini kwa kuwa shemeji yangu hulisimulia kila harusi na kila mara hulikosea, afadhali niliseme mwenyewe, maana aibu ni yangu na ninaijua kuliko yeye.

Ilikuwa baada ya yale mafuriko makubwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi isipokuwa kusoma kitabu kimoja cha vijana, kisicho na jalada, cha watu wanaohamia sayari nyingine, na kila sentensi iliyonipendeza niliitafsiri kwa Kiswahili nikaiandika daftarini (zilifika thelathini na nne, nikajiona msomi). Siku hiyo nilitoka Garsen kwa miguu hadi kambi ya ng'ombe ya Mzee Barisa, baba yake Hadija, anitazame kama nafaa kumposa binti yake. Njia nzima nilisoma nikitembea.

Kwetu Waorma mgeni hupewa chai ya maziwa, kisha huulizwa habari: nyasi ziko wapi, mvua imenyesha wapi, nani amehama. Si maongezi hayo. Watu huhamisha ng'ombe kwa habari ya mgeni.

"Haya, tupe habari," akasema Mzee.

Sikuwa nimeona hata punda. Mwenye akili angesema hivyo. Mimi nilichagua sentensi ya kumi na mbili, nikaitoa kwa sauti nzito: "Maji yanarudi, na safari hii hayataacha hata nyayo zetu."

"Nani kasema?"

"Mtu wa kuaminika," nikajibu (alikuwa ukurasa wa tisini).

Nilitarajia waisifu lugha yangu. Mzee akasimama, wanawake wakaanza kufungua mikeka na fito za nyumba tayari kuhama, jirani akatumwa kambi ya pili kuwaonya wenzetu, na mimi, shujaa, nikapewa ndama wawili niwashike. Hadija akapita na fito kichwani, akaninong'oneza, "Umetuokoa." Sasa niambieni, ningekanusha vipi?

Nyumba tano zilikuwa chini alipofika mtu na baiskeli kutoka Tarasaa. Naye akapewa chai, akaulizwa habari. Mto, akasema, umeshuka hata punda wanavuka maji yakiwafika magotini.

Wote wakanigeukia. Ikabidi nitoe daftari, na baada ya daftari, kitabu.

"Soma," akasema Mzee. "Soma mpaka huyo mtu wako amalize."

Nikasoma nikitafsiri, sauti nzito imeshanikimbia: "...alisema binti wa sayari ya saba, huku mkia wake ukitetemeka."

"Ana mkia," akasema Mzee.

"Ndiyo, baba."

"Na ndiye wa kuaminika."

Hadija akatua fito zake chini.

Nyumba zote tano nilisaidia kuzisimamisha upya, kazi ambayo kwetu ni ya wanawake, nao walinielekeza huku wakifuta machozi ya kicheko. Habari ya posa hakuna aliyeigusa.

Tangu siku hiyo nasoma nikiwa nimekaa, na nikiwa safarini naangalia njia. Miezi mitatu baadaye nilirudi pale na daftari jipya: kisima cha kwanza kina tope, nyasi za ng'ambo zimeota, jamaa wawili wamehama, punda mmoja ni kilema wa mguu wa nyuma. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akamwita Hadija aniletee chai ya pili, kisha akauliza taratibu:

"Na wale wenye mikia, hawajambo?"