Jina la Bibi Nililolitamani

Baba yangu alikuwa na mabinti wawili, lakini ni mmoja tu aliyeitwa naye Mama. Dada yangu, aliyenizidi miaka miwili, alipewa jina la marehemu bibi, mama mzazi wa baba. Kwetu, ukibeba jina la mtu umembeba na mwenyewe. Basi firigisi ya kuku ilikuwa yake. Shangazi akija kutoka Lubumbashi, kitenge kilikuwa chake. Mimi, minye kwa lugha yetu, nilipewa biskuti. Biskuti! Nilimwonea wivu, na sioni haya kusema.

Nilipofika miaka kumi na mitatu, baba akafa kwa ugonjwa. Nyumba ya kampani aliyofanyia kazi ilikuwa ya mfanyakazi, siyo ya mjane, kwa hiyo tulitoka kambini tukahamia chumba kimoja njia ya Kamatanda. Mama akaanza kuuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Minye nililia wiki mbili, kisha nikarudi kuruka kamba na wenzangu. Dada hakulia. Aliacha shule, akaacha bukari, ugali wetu, akaacha hata kusuka nywele. Kutwa alilala ameelekea ukuta. Mama akawa anamwogesha kama mtoto mchanga na kumtafutia mayai. Nikasema moyoni: jamani, hata msiba wa baba ameuchukua wote yeye!

Shangazi alipokuja kumwona, alijishika kichwa.

"Mungu wangu! Mama yetu alikuwa hivi hivi kwa usichana wake, siku nyumba yao iliungua. Ni jina njo inamufwata huyu mutoto. Tumutoshe jina!"

Wakubwa wakakubali avuliwe jina. Lakini jina la marehemu haliachwi hewani, lazima apatikane mtu wa kulibeba. Mama hajafungua hata mdomo, nikarukia:

"Munipe minye! Minye niko na nguvu."

Wakanipaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso. Shangazi akanikumbatia, akaniita Mama. Ee, nilifurahi! Nikageuka kumtazama dada, ili aone. Aliona.

Kesho yake kitanda chake kilikuwa kitupu. Tulimtafuta mji mzima. Jioni dereva mmoja akamrudisha. Alimkuta kule Koni, ameketi peke yake kando ya mto Lufira. Mama akamuuliza alikuwa anatafuta nini huko.

"Baba alikuwa ananiita Mama," akajibu. "Sasa minye ni nani?"

Jina alirudishiwa usiku ule ule, bila pemba wala mkutano. Ilimchukua karibu miaka miwili kusimama, mama akilala naye kitanda kimoja na kumtembeza kila asubuhi. Minye sikuugua hata siku moja. Nikajiona shujaa.

Nikaolewa, nikazaa binti. Nilimpa jina jipya kabisa, lisilo la mtu yeyote wa ukoo, nikadhani nimefunga mlango. Alipofika miaka kumi na minne, mishahara ya kampani ikawa haitoki, baba yake akavuka kwenda Zambia, hakurudi. Mwanangu akageukia ukuta.

Hapo nikaelewa. Jina halikuwa na kosa lolote. Ilikuwa damu, imepita ndani yangu kimya, ikangoja pigo la maisha limpate mwanangu. Pigo peke yake, minye lilinitoa machozi ya wiki mbili tu. Damu peke yake ingelala. Kwa hawa wawili vilikutana.

Nilibembeleza, nikakemea, nikapika kila kitu. Hakula. Nikamwita dada. Alifika, akajilaza kando yake. Siku ya tatu niliingia na sahani, nikamkuta mwanangu anakula mkononi mwa dada. Wivu ukanipanda, mtu mzima minye!

"Mutoto ni wangu," nikasema. "Mbona kwangu anakataa?"

Binti akanitazama.

"Mama, weye ulishapata hii kitu?"

"Hapana."

"Basi toka kidogo. Niko naongea na mama mukubwa."

Nikatoka.