Kikao cha Ukoo, Iyunga

Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma sosholojia Iringa, baba alipofariki. Muhula ule tulikuwa kwenye somo la familia na ukoo. Asubuhi hiyo mhadhiri wetu, mama mmoja mpole aliyefundisha huku amejifunga shuka kwa ajili ya baridi, alitueleza nafasi ya mjane katika koo zinazofuata upande wa baba. Nilipotoka darasani nikaona mama amenipigia mara nyingi. Nilijua kabla sijampigia.

Baba alikuwa Mnyakyusa, amefanya kazi relini mpaka akastaafu. Mama ni Mhehe wa Ilula, lakini kwa kukaa Iyunga, pale Mbeya, tangu aolewe, Kinyakyusa anakijua kunishinda.

Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa sebuleni. Mimi na mama tulipewa mkeka karibu na mlango wa jikoni. Baba mkubwa ndiye aliyeongoza. Alisema kiwanja kilitolewa na babu, kwa hiyo nyumba irudi mikononi mwa ukoo. Mama asiharakishwe, aondoke akiwa tayari. Wengine wakaitikia taratibu. Hakuna aliyepandisha sauti.

Niliomba kusema. Nikaeleza kwamba sheria inamtambua mke, kwamba nyumba ile waliijenga wawili, na mama alisomba maji ya kufyatulia yale matofali. Baba mkubwa aliniacha nikamaliza.

"Tumekusikia, mwanangu," akasema. "Umesoma, na tunashukuru. Ila haya si ya darasani."

Nikamgeukia mama, nikitegemea ataongezea neno. Akaniwekea mkono gotini.

"Nyamaza, mwanangu. Nimechoka."

Jioni, akikunja nguo zake, nilimwambia zipo ofisi za msaada wa kisheria pale mjini, nitampeleka mwenyewe. Alisikiliza, kisha akasema watoto wa ukoo ule amewaogesha yeye, na wagonjwa wao amewauguza yeye.

"Nikisimama nao mahakamani, nitakuwa namzika baba yako mara ya pili."

Nilimsaidia kufunga mabegi.

Alihamia Ilula kwa kaka yake. Mimi nilirudi chuoni, nikafanya mitihani, na somo lile la ukoo ndilo nililofaulu kuliko yote. Mama sikumwambia.

Siku hizi Jumamosi huwa nakwenda kumsaidia kuuza nyanya barabarani. Basi likisimama, wanawake wenzake hukimbilia madirishani na ndoo zao, wakiitana. Mama naye hukimbia, tena kwa wepesi, lakini ni kwa mabasi yanayotoka Dar es Salaam tu. Yanayotoka Mbeya huyaacha yapite. Siku moja nilinyanyua ndoo nilikimbilie moja la kutoka Mbeya, akanivuta kanga.

"Kaa," akasema. "Humo kuna watu wananijua."

Nikakaa.