Taa Iliyowaka kwa Matope

Watu walisema sitaweza kuwasha taa kwa bakteria wa matope. Mimi, mwenye stashahada, nilirudi kijijini kwetu Kishanda nikaiwasha, kisha nikaialika kamati ya shule ije ione na kunipa chumba cha utafiti.

"Bakteria hawa hutoa umeme," nilitangaza, nikiigonga ndoo ya matope. Papo hapo taa ikazimika.

"Wamechoka?" mwenyekiti aliuliza.

Nilikoroga matope. Taa haikuwaka. Mama akachungulia kutoka uani.

"Waitu, mwanangu, nimeanika kahawa juu ya kile kioo chako cha sola. Nimekosea?"

Niliufuata waya wa taa kwa macho. Haukuingia kwenye ndoo. Nilipounganisha nyaya nilikuwa nimechanganya ule wa ndoo na ule wa sola. Waya wa taa ulipita dirishani kuelekea uani, kwenye kile kioo, na kamati nzima ilikuwa ikiufuata kwa macho pamoja nami.