Siku Nilipowalaza Wageni wa Harusi Matopeni

Nimekuwa fundi wa magari hapa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma ya Kongo, miaka mingi, na bado wako watu wanaoniona sokoni wakajifanya wanajitupa chini, kisha wakacheka. Wana haki. Niliwalaza kweli, wakiwa na nguo za harusi, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati mlio wowote mkali, kama wa risasi, uliwalaza chini watu wa kwetu kabla hawajafikiri. Jirani yangu wa mtaa wa Nengo, Bwana Gaspard, alikuwa na gari dogo jekundu la spoti, la viti viwili, ambalo yeye na mkewe walitoka nalo kanisani siku ya ndoa yao. Wakati wa vita lilifichwa kijijini Bugeshi chini ya magunia ya viazi. Sasa binti yao Solange alikuwa anaolewa Nyundo, mama yake hayupo tena, na Gaspard alitaka kitu kimoja tu: binti naye atoke kanisani na mumewe ndani ya gari hilo.

Akanikabidhi mimi. Nilibadilisha plagi, nikasafisha platini, nikafika kwenye delko (kile kikombe kinachogawia kila plagi moto wake kwa zamu). Hapo mtu hutumia taa ya kupimia moto na kutazama alama kwenye puli, lakini mimi nililiamini sikio langu, na siku zile karibu wote tuliendesha kwa petroli ya bidoni, ya madumu ya magendo, kutoka Goma, iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa hiyo tulizoea kuchelewesha moto ili injini isigonge. Nikauchelewesha, tena sana. Sikumuuliza Gaspard ametia mafuta gani.

Siku yenyewe niliendesha mimi, Solange kando yangu, na gari likapanda kuelekea Nyundo kama mtu mwenye pumu, joto likizidi, hadi bibi harusi akaniuliza kwa upole, "Papa, miguu yangu inaungua, ni kawaida?" Nikamjibu kwamba magari ya spoti ndivyo yalivyo (Mungu anisamehe). Tulipoingia kwenye uwanja wa kanisa nikaachia kanyagio la mafuta, na ekzosi ikalipuka mara tatu.

Uwanja mzima ukalala. Wanakwaya, mashemeji, hata bwana harusi, na asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha.

Sajenti mmoja, aliyekulia Tanzania, akaja mbio na bunduki, akatazama chini ya gari, akapumua. "Mzee, likilia tena, gari hili halitoki hapa leo. Nalishika."

Misa ikaanza. Gaspard alinipita bila kunitazama. Aliyebaki nje ni dada yake, Mama Shukuru wa Goma, mfanyabiashara wa petroli, anajifuta matope kwenye kitenge.

"We muzee, umeweka moto, allumage, ya mafuta gani?"

"Ya bidoni. Kama magari yote."

Akainama, akanusa ekzosi. "Mi nauzaka ya bidoni, harufu yake naijua. Hii ni ya pompe, safi ya kituo, kaka yangu aliitafutia harusi. Moto yako inachelewa, inawakia inje, mu ekzosi. Fungua."

Nilifungua boneti kama mwanafunzi. Akalishika delko lililopata joto kwa pembe ya kitenge, akalizungusha kidogo sana, kinyume na mhimili wake unavyozunguka, akaniambia nipandishe kilima cha nyuma kwa gia ya tatu. Nguvu zikaanza kurudi. Akazungusha tena. Safari ya tatu injini ikagonga kama kokoto ndani ya sufuria. "Bon, pale tumepita. Rudisha unene ya ukucha." Sajenti alitufuata kwa macho muda wote, na kila nilipoachia mafuta nilifumba yangu. Haikulipuka. Sijawahi kuona mikono yenye uhakika namna ile, na hakuwa na taa wala chombo chochote.

Maharusi walipotoka, wageni wote waliziba masikio. Gari likanguruma taratibu, likateremka barabarani na Solange na mumewe ndani yake, Gaspard akilia waziwazi. Kisha akanikumbatia mbele ya watu: "Fundi, umeniokoa." Mama Shukuru alikuwa bombani ananawa grisi. Nami nikanyamaza, nikapokea makofi.

Tangu siku ile siligusi delko kabla ya kuuliza mafuta na kuwasha taa. Hilo lilikuwa jepesi kulirekebisha. Kimya changu ndicho kinachonisumbua hadi leo, basi acha niseme nilichopaswa kusema uwanjani pale: gari lile lilitengenezwa na Mama Shukuru. Mimi nililiharibu.