Nyonga ya Ma Kokugonza

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo nimeishi nayo miaka mingi kuliko niliyoishi na marehemu mke wangu. Nilikuwa na chaki mkononi, nimeinama kwenye baraza ya hospitali moja ya misheni huko Muleba, nachora mistari sakafuni.

Nilikuwa msaidizi wa mazoezi ya viungo. Daktari akishapasua na kushona, mimi ndiye niliyemsimamisha mgonjwa, nikampa magongo, kisha nikapima kama anaweza kutembea. Umri wangu ulikuwa kama wako. Nilikuwa na saa ya mkononi, koti jeupe, na ujinga mwingi uliopigwa pasi vizuri.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa Ma Kokugonza, mjane wa Izimbya. Wakati wa vita, mizinga iliposikika kutoka upande wa Mto Kagera, alikimbia na mtoto mgongoni akaangukia korongoni. Nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, akachechemea miaka na miaka. Kisha ukaja ule ugonjwa tuliouita Juliana, huu mnaouita UKIMWI, ukamchukulia binti zake wawili. Akabaki na wajukuu watatu, na kijana wake wa mwisho ambaye naye alikwisha anza kukonda. Kwa hiyo daktari mgeni aliposema anaweza kumwekea nyonga ya chuma, Ma Kokugonza hakuuliza kama itauma. Alisema tu, "Nipeni mguu wa kulelea hawa watoto."

Akatembea, mwanangu! Hatua ishirini kwenda, ishirini kurudi, mimi nikitazama saa. Wanawake wa wodi walikaa ukutani wakimtania.

"Ma Kokugonza, maringo hayo! Unakwenda kuolewa?"

"Labda unioe wewe," akajibu, "maana wanaume wa kwetu wamekwisha."

Tukacheka kicheko cha miaka ile, kilichokuwa kikikatika katikati. Nikaandika kwenye faili: Anatembea vizuri. Aende nyumbani.

Nyuma yangu alikuwa akipiga deki mhudumu wa wodi, mama mtu mzima aitwaye Paskazia. Akasimamisha kazi yake. "Umempima kwenye saruji, baba. Huko kwake kuna saruji? Umemwona akisalimu wakwe? Umemwona akikaa msibani?"

Daktari alikuwa amenieleza wazi: mwenye nyonga ile asikunje paja sana, asichuchumae, asikae chini, la sivyo kiungo kitachomoka. Hayo nilimtafsiria Ma Kokugonza kwa Kihaya, moja baada ya jingine. Kupiga magoti sikukutaja. Daktari naye hakukutaja, maana kwao wanawake hawasalimu hivyo. Lakini mimi, niliyezaliwa kijijini Kimwani na mama aliyepiga magoti kila alipompa baba maji? Nilijua kwamba kwetu mwanamke akisalimu hushuka mpaka akakalia visigino, kisha huinama. Nilijua, nikaona haya. Kijana kumwambia mama wa watu asipige magoti ni kama kumwambia avue adabu yake aitundike msumarini.

Nikamjibu Paskazia, "Mama, wewe shika deki. Kupima tuachie sisi tuliosoma."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba guu linaweza kuwa la mwingine.

Miezi michache baadaye yule kijana wa mwisho akafa. Nilikwenda Izimbya kuhani na, niseme ukweli, nilikwenda pia kuiona kazi yangu ikitembea. Na kweli ilitembea! Ma Kokugonza alikuwa akishuka chemchemi na kupanda na maji, kibanja chake cha migomba kimepaliwa, wajukuu wameshiba. Kaburi jipya lilikuwa bado bichi kati ya migomba. Ndani, wanaume tulikalia viti, wanawake wakakaa kwenye nyasi zilizotandazwa, ila yeye peke yake alikuwa kwenye kiti, kama nilivyomwagiza.

Ndipo akaingia Ta Rwehumbiza, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, mkuu wa ukoo. Wanawake wote wakapiga magoti. Ma Kokugonza akasimama na gongo lake, akainamisha kichwa. "Karibu, waitu, mzee wetu."

Mzee akamtazama kuanzia miguuni. "Wazungu wamekupa nyonga," akasema, "wakachukua adabu?"

Macho ya yule mama yakanijia mimi. Hakuomba huruma. Aliuliza, kama mgonjwa anavyomwuliza anayemtibu: je, naweza?

Neno moja lingetosha. Hata kutikisa kichwa kungetosha. Lakini nilimwogopa yule mzee, nikawaogopa na wanaume wale, nisije nikaitwa mtoto wa shule anayewafundisha wazee mila msibani. Nikatazama kikombe changu.

Akashuka. Goti la kwanza, la pili, akakalia visigino, akainama. Nilisikia nyonga kabla sijasikia kilio.

Daktari mgeni alikuwa amekwisha rudi kwao. Waliobaki hospitalini waliivuta ikarudi, ikachomoka, wakairudisha, ikachomoka tena, mpaka wakachoka. Ma Kokugonza hakutembea tena. Alijivuta kwa makalio juu ya zile nyasi. Ukoo ukakaa kikao, Ta Rwehumbiza huyohuyo akiongoza, ukaamua kwamba asiyeweza kuchota maji hawezi kulea. Wajukuu wakagawanywa: mmoja Ijuganyondo kwa shangazi, mmoja kwa ndugu wa mbali, na yule mkubwa akatoroka akafuata wavuvi visiwani. Bibi yao alikufa bila kuwaona tena wakila sahani moja. Na Paskazia? Hakunikumbusha hata siku moja. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Sasa wewe unakwenda kuanza kazi hiyohiyo, na una vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Sikiliza. Usimpime mtu kwenye sakafu yako ukadhani umempima. Mwulize kwake pakoje, analala wapi, choo chake kikoje, anasalimu vipi, na nyumbani anamwogopa nani. Anayepiga deki akikwambia neno, weka kalamu chini umsikilize. Na siku utakayojua jambo la kumwokoa mtu, liseme, hata kama mkubwa amekaa mbele yako na watu wote wanakukodolea macho. Aibu ya kusema huisha watu wakitawanyika. Aibu ya kunyamaza unaiona hapa, imekaa nami mpaka nimezeeka, na yenyewe haina hata mvi.

Mungu akupe ulimi usioogopa kiti cha mzee yeyote, hata hiki ninachokalia mimi. Akupe macho yanayofika nyumbani kwa mgonjwa kabla ya miguu yake. Wagonjwa wako wafike kwao salama, mwanangu, na wakishafika, pasiwepo wa kuwapigisha magoti.