Kila Mshono Unakula Nusu Inchi

Wanafunzi walimwita Bi Rula, na hawakumsingizia. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha hesabu akiwa na rula mkononi, na jibu lililopungua hata chembe alilitia mkasi wa wino mwekundu bila kupepesa macho. Alipostaafu, wenzake walidhani atakaa kibarazani kuhesabu wapita njia. Wapi! Alinunua cherehani kuukuu, akaanza kushona mifarishi, yale mablanketi ya viraka. Ila viraka vyake havikuwa vya maua wala ndege. Vilikuwa hesabu tupu, pembetatu ndani ya pembetatu, na ole wake mgeni aliyesema tu kwamba vinapendeza bila kuuliza pembe zina nyuzi ngapi.

Shule yake ya zamani ilipomwomba mfarishi mdogo wa kutundika kwenye darasa la hesabu, alichagua kitu cha kuwatoa walimu macho. Miraba tisa, hakuna hata miwili inayolingana, lakini ukiipanga inakuwa mstatili kamili bila pengo. Mkubwa ulikuwa wa inchi kumi na nane kila upande, mdogo kabisa wa inchi moja. Safu ya juu ilikaa miwili, wa kumi na nane na wa kumi na tano. Safu ya chini mitatu, wa tisa, wa kumi na wa kumi na nne, na minne iliyobaki ikajaza katikati. Jumlisha mwenyewe: thelathini na tatu juu, thelathini na tatu chini.

Alikata kila kipande kwa vipimo hivyo hivyo, akashona. Juu ikazidi chini kwa nusu inchi. Ule mraba mdogo ukasinyaa, ukabaki nusu yake. Akafumua, akashona tena, mambo yakawa yale yale. Akarudia hesabu, hesabu haikuwa na kosa. Akailaumu cherehani, kisha kitambaa, kisha miwani. Mara ya tatu pindo zikaanza kuchanika kwa kufumuliwa, na mfarishi ulitakiwa kesho kutwa. Hapo akapiga moyo konde, akaukunja mkobani pamoja na vitambaa vilivyobaki, akaenda kwa fundi wa mtaani.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, na mtaa mzima ulimwita Nusu Inchi. Bi Rula naye alimwita hivyo miaka nenda miaka rudi, kila alipopeleka magauni yake, akiamini ni kwa sababu ya kimo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nusu Inchi, mwanangu, hebu nitazamie hiki kitu. Cherehani yangu imeharibika."

Fundi aliutandaza mezani, akapitisha kidole juu, kisha chini. Hakuhitaji hata futi.

"Cherehani nzima, Mwalimu. Umesahau mshono. Ukiunga vipande viwili, mshono unakula nusu inchi, robo huku na robo huku. Juu una mshono mmoja, chini unayo miwili. Lazima chini kupungue. Na haka kadogo kameliwa pande zote."

Bi Rula aliacha kuitazama meza, akamtazama fundi. Maneno yale aliwahi kuyasikia. Tena aliyajua vizuri, kwa sababu ulikuwa mchezo wake wa kuwachekesha walimu wapya kila mwaka, akiwasimulia: kulikuwa na mtoto mmoja, niliuliza darasani vipande vinne vya kitambaa vya inchi kumi vikiungwa vitakuwa na urefu gani, akajibu thelathini na nane na nusu! Nikamwambia, hiyo iliyobaki imeliwa na panya? Akasema hapana, kila mshono unakula nusu inchi. Nikamsimamisha juu ya benchi mpaka kengele, nikamwita Nusu Inchi. Walimu walivunjika mbavu. Jambo moja tu hakuwahi kulisema, kwani hakulikumbuka: mtoto yule alikuwa nani.

"Ulikuwa wewe," alisema.

"Nilikuwa mimi. Mama alikuwa fundi, nilikuwa namsaidia kuunga." Fundi alikuwa tayari anafumua, macho kwenye wembe. "Sikunyoosha mkono tena baada ya pale. Mwaka uliofuata nikaacha shule."

Haya zilimpanda Bi Rula usoni na masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na mkoba wake. Alitafuta neno, lililokuja likawa dogo mno.

"Nisamehe, mwanangu. Jibu lako lilikuwa sahihi."

"Najua, Mwalimu. Nipe hicho kitambaa cha bluu, tukate upya. Kila kipande uongeze nusu inchi."

Walifanya kazi mpaka alasiri, mwalimu akikata kama alivyoagizwa, fundi akishona. Mistari ikakutana, juu sawa na chini, na mraba mdogo ukapata inchi yake nzima. Mfarishi ulilala mezani bila hata kukunjamana. Bi Rula alipaswa kufurahi. Badala yake alitoa mkobani kitambaa cheupe cha kubandika nyuma, ambacho alikuwa amekiandika nyumbani kwa kalamu ya wino: Umeshonwa na, kisha jina lake, peke yake, kwa herufi kubwa.

Alichukua kalamu aongeze jina la pili. Mkono ukasimama hewani. Alijua kimo cha mwanamke huyu, alijua bei zake, alijua anavyopenda kung'ata pini. Akafikiri na kufikiri, akijifanya anafuta miwani, na kichwani halikuja ila lile moja alilompa mwenyewe.

"Mwanangu," alisema. "Jina lako hasa ni nani?"

Fundi alitoa pini mdomoni, akamtajia, herufi moja moja, polepole, ili asikosee kuandika.

"Lilikuwa kwenye rejesta yako, Mwalimu," alisema. "Ulikuwa unaliita kila asubuhi."